32 inabana, 34 inapwaya: tunapima jinzi mbili na mashati mawili ya mtumba

Habari zenu watazamaji, mlio hapa Kigoma na mlio mbali. Mezani tuna nguo nne kutoka kwenye mitumba ya Mwanga: jinzi mbili, mashati mawili. Tunamtafutia nguo mtu ambaye saizi zote zinamkataa. Akivaa 32 hapumui, akivaa 34 anashika suruali kwa mkono. Shati la M linavuta vifungo, la L linaning'inia.

Vipimo vyake hivi hapa: kiuno inchi 33, nyonga 40, paja 23, kifua 40, bega hadi bega 18. Vyako viandike kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na tepu iwe mfukoni, maana kwenye rundo hakuna chumba cha kujaribia.

Lebo isikutie presha. Viwanda vingi huandika 34 kwenye suruali ambayo kiuno chake halisi ni 35 au zaidi, na nguo ya mtumba imeshafuliwa, imerudi au imelegea. Ukikuta suruali ya Ulaya imeandikwa 48, hiyo siyo inchi, ni karibu na 32 yetu. Pima mwenyewe.

Jinzi unaipima hivi. Funga kifungo, ilaze, linganisha ukanda wa mbele na wa nyuma, kwa sababu kawaida wa mbele unashuka chini kidogo na ukiuacha hivyo utapata namba ya uongo. Usivute. Pima upana, zidisha mara mbili. Kisha shuka inchi 1 chini ya msamba, pima mguu kutoka mshono hadi mshono, zidisha mara mbili. Hilo ndilo paja, na paja lina uzito kuliko kiuno. Tazameni mshono wa ndani ya mguu huu: kitambaa kimekunjwa, kimelaliana, kikapigwa uzi mistari miwili. Ndani hakuna akiba ya kuachia. Jinzi ikikubana mapajani, fundi hana pa kuchukua kitambaa. Ikipwaya kiunoni, anayo kazi ya kufanya.

Ya kwanza ni Levi's 501, pamba tupu, ya vifungo badala ya zipu. Lebo 34. Kiuno tumepata 35, paja 24 na nusu. Paja la mtu wetu ni 23, kwa hiyo ana nafasi ya inchi 1 na nusu, na kwa pamba isiyovutika hapo ndipo panapofaa. Pungufu ya hapo, akipanda bodaboda msamba utalalamika. Kiuno kimezidi kwa inchi 2. Tunatoa 1 na nusu, inabaki nusu inchi ya kupumulia na kula.

Sasa hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo suruali nyingi nzuri zinapoharibikia. Fundi mwenye haraka atakwambia anabana pembeni, au anakunja ukanda nyuma na kupigilia juu. Akibana pembeni, midomo ya mifuko inasogea, na sindano inakutana na vile vifungo vya chuma vya kwenye kona za mifuko, inakatika. Akikunja ukanda, unapata donge la tabaka nane linalokuchoma mgongoni kila ukiegemea kiti. Mwambie apite katikati nyuma. Anafumua kishikio cha mkanda cha katikati, na kile kipande cha lebo ya nyuma kikiwa njiani nacho. Anafumua ukanda kama inchi 4 kila upande wa katikati, halafu mshono wa makalio kushuka mpaka pale unapoanza kupinda kuelekea msamba. Anachora kwa chaki robo tatu ya inchi kila upande juu kabisa, mstari unapungua taratibu hadi sifuri kule chini. Mstari ukikatika ghafla, unabaki na mfuko wa kitambaa juu ya makalio, na hata pasi haiuondoi. Ukanda wenyewe unakatwa katikati, unaungwa, na kishikio kinarudi juu ya kiungo kukificha.

Kuna kikomo. Pima nafasi kati ya mifuko miwili ya nyuma. Hii ina inchi 3. Tukitoa 1 na nusu juu, kwenye mifuko inapungua kama inchi 1, inabaki 2, sawa. Ingekuwa na 2 tu tangu mwanzo, tungeirudisha kwenye rundo, maana mifuko ingeonekana inapigana. Kwa jumla, ukihitaji kutoa zaidi ya inchi 2 kiunoni, tafuta suruali nyingine. Dada mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, kazi ni hii hii: nunua inayokaa nyongani, ule uwazi wa nyuma utaondoka kwa njia hiyo.

Sindano iwe namba 16, kwa jinzi nzito 18. Pale tabaka zinapokutana, fundi agonge kwa nyundo kwanza, kisha azungushe gurudumu la cherehani kwa mkono. Uzi wa juu ulingane na wa zamani, ule wa haradali. Uzi mweusi kwenye 501 ni dhambi.

Ya pili haina jina kubwa. Pamba asilimia 98, elastani, yaani uzi unaovutika kama mpira, 2. Lebo 32, kiuno halisi 32 na nusu, paja 22. Kwa namba hizi ungesema haimfai, lakini kwa jinzi ya kuvutika kanuni inageuka: chukua ndogo. Elastani inalegea kwa jasho na kukaa, na kufikia jioni kiuno kimeongezeka karibu inchi nzima. Ukichukua 34 ya aina hii, baada ya wiki magoti yanatoa vifuko. Ijaribu kwa kuchuchumaa. Kitambaa cha goti kikirudi mahali pake ukisimama, bado ina uhai. Ukiona vijiuzi vyeupe vimechomoza mapajani, mpira wake umeshakatika, iache hata kama wanakupa kwa bei ya kutupa. Ianike kivulini, na pasi ya mkaa iliyoiva usiiguse nayo.

Mashati. Hapa anayetawala ni bega. Kulirekebisha maana yake kufumua mkono mzima na kuchonga upya tundu lake, na gharama yake inaweza kupita bei ya shati. Mshono ukae kwenye ncha ya mfupa wa bega. Ukizidi nusu inchi unavumilika, ukizidi inchi 1 achana nalo.

Hili la drafti ni M. Bega 18, barabara kabisa. Kifua, kwapa hadi kwapa, 21, yaani mzunguko 42. Mtu wetu ana 40, amebakiwa na inchi 2, na shati la kutembelea lisilovutika linataka kama 4. Vifungo vitafungua midomo akikaa. Hapana.

Hili la L lina bega 18 na nusu, kifua 23, mzunguko 46. Tunalichukua, tunatoa inchi 2, libaki 44. Lakini angalia hesabu. Ukibana inchi 1 kila pembeni, hujatoa inchi 2, umetoa 4, kwa sababu kila kibano ni mkunjo wa tabaka mbili. Kwa inchi 2 unabana nusu inchi tu kila upande. Hapo ndipo watu hupeleka L kwa fundi wakarudi na S. Mshono usiishie kwapani, la sivyo unaacha uvimbe. Uingie kwenye mkono inchi 4 au 5 huku ukipungua. Kwapani penyewe asichukue zaidi ya hiyo nusu, maana ukiinua mkono shati zima litapanda na tumbo kuonekana. Vile vikunjo viwili vya mgongoni ambavyo fundi hushona kupunguza upana vinafaa shati la rangi moja. Kwenye drafti vinavunja mistari, tunavikataa.

Urefu, kama huchomekei, uishie katikati ya zipu.

Miguu ya suruali iwe ya mwisho, na nguo zote zifuliwe kabla ya kwenda kwa fundi, hasa pamba tupu. Ukitaka kubaki na pindo la asili la 501 lile lililochakaa vizuri, fundi asilikate. Kama unapunguza inchi 2, anakunja mguu kwa nje, anapima inchi 1 tu kutoka mshono wa pindo hadi kwenye mkunjo, anashona kwa kugusa ule mshono wa zamani, anakata ziada kwa ndani na kuipiga zigizaga. Nusu ya unachopunguza, kila mara. Akipima inchi 2 nzima pale, suruali imepungua 4 na inakuwa ya kuvulia dagaa.