Komande za miguu za alumini kwenye Yamaha R6: nilizifunga mwenyewe nyumbani, Lubumbashi

Mwezi wa Juni mwaka jana pikipiki yangu ililala ubavu wa kushoto kwenye changarawe, barabara ya Kasenga, nikiwa kwenye mwendo mdogo sana. Sikuumia. Plastiki zilichubuka kidogo, lakini bamba la kushoto, lile linaloshika kalepie (pa kukanyagia mguu) na selekta ya gia (kikanyagio cha kubadilisha gia), lilikatika vipande viwili. Bamba la kiwandani ni alumini ya kumimina. Haikubali kupinda, ikizidiwa inakatika kama biskuti.

Fundi wa kuchomelea aliliunga kwa gesi ya argoni na kazi ilionekana safi. Baada ya wiki mbili likapasuka tena, pembeni kidogo ya kiungo. Kuliagiza jipya la kiwandani, upande mmoja tu, nilitajiwa bei iliyonitoa usingizi. Kwa hela inayokaribiana na hiyo ningepata komande kamili za kurudisha miguu nyuma, yaani mabamba, kalepie na vikanyagio vyake, kushoto na kulia. Nikaagiza kutoka Johannesburg, zikaja na mzigo wa watu wengine kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Pamoja na usafiri na forodha nililipa dola 310.

Ndani ya boksi kulikuwa na mabamba mawili, kalepie mbili za kukunja, selekta, kikanyagio cha breki, fimbo ya gia, vilinda visigino, swichi ya breki inayofanya kazi kwa presha, mfuko wa bolti, na karatasi moja ya picha isiyo na maneno hata moja. Alumini yake ni ya aina ngumu iitwayo 6061-T6, imechongwa kwa mashine kutoka kwenye kipande kizima. Ukiishika mkononi tofauti unaihisi papo hapo: kingo zimelainishwa vizuri, na selekta inazunguka juu ya beringi, wakati ile ya kiwandani inazunguka juu ya bushi tu. Yangu ya zamani ilikuwa imeshaanza kucheza kushoto na kulia. Hii haichezi hata kidogo.

Kazi niliifanya Jumapili uani kwetu Kampemba, pikipiki ikiwa juu ya bekiye (stendi) ya nyuma, mdogo wangu akinishikia taa na vifaa. Unahitaji funguo za alen za 5, 6 na 8, spana za 10 na 12, gundi ya buluu ya kushikilia bolti, mafuta mapya ya breki ya DOT 4, na spana ya kupimia nguvu. Hiyo ya mwisho usiikwepe. Bolti za mabamba zinaingia moja kwa moja kwenye fremu ya R6, na fremu hiyo ni alumini. Ukikaza kwa hasira ukala meno ya fremu, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya komande zote. Anza kila bolti kwa vidole mpaka iingie mizunguko mitatu au minne bila kugoma, ndipo ushike spana.

Upande wa kushoto haukunichukua hata saa moja. Kuna mkono mdogo unaokaa juu ya shafti ya gia, nao umechongwa meno. Kabla ya kuuvua, tia alama ya rangi juu ya mkono na juu ya shafti ili ujue ulikotoka. Fimbo ya gia ina meno ya kawaida upande mmoja na meno ya kinyume upande wa pili, kwa hiyo ukiizungusha ikiwa imeshafungwa, inarefuka au inafupika bila kuifungua. Lengo ni fimbo na ule mkono mdogo vikutane kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Pembe ikifunguka sana au ikibana sana, mguu unasukuma mwendo mrefu na shafti inazunguka kidogo, na hapo ndipo gia ya pili inaanza kukataa kuingia. Mimi nilirekebisha mara tatu mpaka nikaridhika.

Komande hizi zinakuruhusu pia kugeuza mpangilio wa gia uwe kama wa pikipiki za mashindano: ya kwanza juu, zilizobaki tano chini. Nilijaribu siku mbili. Kwenye mzunguko wenye magari nilitaka kupandisha, mguu ukafuata mazoea ya miaka yote, nikashusha, na gurudumu la nyuma likateleza. Nikarudisha mpangilio wa kawaida jioni ile ile. Mdogo wangu naye anaiendesha pikipiki hii, na pikipiki zote nyingine anazopanda zina mpangilio wa kawaida. Sitaki mguu wake uanze kufikiri akiwa katikati ya barabara.

Upande wa kulia ndio uliokula siku.

Masta silinda ya breki ya nyuma, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, inahama kutoka bamba la zamani kwenda jipya. Hilo ni jepesi. Lakini swichi ya zamani ya taa ya breki huvutwa na springi, na komande hizi hazina mahali pa kuishika ile springi. Badala yake wanakupa bolti yenye swichi ndani, inayokaa pale mpira wa breki unapoungana na masta silinda. Maana yake mfumo unafunguliwa, hewa inaingia, na lazima uitoe. Funika kila kitu kwa vitambaa vilivyolowa maji, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Tulianza: mimi nakanyaga, mdogo wangu anafungua na kufunga nipeli, kale katundu ka kutolea hewa. Baada ya dakika kumi akaniita, «Yaya, taa haiwaki.» Nilidhani waya umekatika. Kumbe hewa ilikuwa bado ndani, na swichi haiwaki bila presha. Tukarudia mpaka kikanyagio kikawa kigumu, taa ikawaka.

Kuna jambo linalonisumbua kuhusu swichi hii hata leo. Ile ya springi ilikuwa inawasha taa ukigusa kikanyagio kidogo tu, kabla breki haijashika. Hii inasubiri presha. Nilikuwa na mazoea ya kugusa breki ya nyuma kidogo ili kumuonya dereva aliye nyuma yangu, na mjini kwetu aliye nyuma yako mara nyingi ni basi dogo lililojaa au lori linaloelekea Kasumbalesa na shaba. Sasa nagusa ya mbele kidogo, kwa sababu swichi yake inawaka mapema.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ile karatasi ya picha. Haionyeshi popote kwamba fimbo inayosukuma masta silinda lazima iachiwe nafasi, yaani kikanyagio kicheze milimita chache kabla ya kuanza kusukuma. Mimi niliifunga bila nafasi, kwa sababu kikanyagio kilikuwa kinakaa vizuri chini ya mguu. Siku iliyofuata nikatoka kwenda Kipushi, safari ya kilomita 30 hivi. Karibu na kilomita ya kumi nikahisi kama kuna mtu ananishika kwa nyuma. Nikasimama. Harufu ya kuungua, na tone la maji nililodondosha kwenye diski likachemka.

Sababu yake ni hii. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo linaloruhusu mafuta kurudi kwenye chupa yake ukiachia kikanyagio. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, tundu linabaki limezibwa. Pedi zinagusa diski kidogo, zinapata joto, mafuta yanapanuka na hayana pa kwenda, presha inaongezeka, pedi zinabana zaidi. Mwisho gurudumu linaweza kufunga ukiwa mwendoni. Nilisubiri diski ipoe, nikalegeza nati ya kufungia, nikafupisha ile fimbo kwa mizunguko miwili, nikahakikisha gurudumu linazunguka huru kwa mkono. Tangu siku hiyo halijarudia. Lakini kama unafunga komande hizi usiku huu, shika kikanyagio kwa vidole kabla ya kuwasha injini: lazima kicheze.

Kuhusu mkao, mabamba yana matundu ya nafasi sita. Nilianza na ile ya juu zaidi, milimita 20 nyuma na 30 juu kuliko za kiwandani, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwa macho. Mimi nina urefu wa sentimita 183. Nilipofika Likasi, kilomita 120 za RN1, barabara kuu ya taifa, nilishuka nikashindwa kunyoosha magoti. Nikashusha mpaka milimita 20 nyuma na 10 juu, na hapo ndipo nimebaki. Kalepie za juu zina faida kwenye kona ndefu unapolala sana, ili zisikwaruze chini. RN1 imenyooka, na kona zetu za mjini zina mchanga. Hakuna anayelala hivyo akarudi nyumbani salama. Faida niliyoipata mimi ni nyingine: mguu unajua uko wapi, na gia inaingia kwa mguso mfupi usio na shaka.

Kalepie zenyewe zimechongwa uso mkali kama tupa. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, udongo mwekundu ukijaa kwenye soli, nilizishukuru sana, mguu hautelezi. Wakati wa kiangazi zinatafuna viatu. Jozi yangu moja imekwisha kisigino.

Baada ya kilomita 300 hivi nilikagua bolti zote nikakuta ya kalepie ya kushoto imelegea. Hiyo ndiyo pekee niliyosahau kuipaka gundi. Nikaisafisha, nikapaka, nikakaza kwa 25 Nm.

Desemba pikipiki ilianguka tena, safari hii imesimama, mtoto wa jirani alipoegemea. Kalepie ya kushoto ikakatika. Bamba halikuguswa, selekta haikuguswa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja Kamalondo, mkereza vyuma aliyejifunza kazi katika karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Akaigeuzageuza, akapima kwa kalipa, akasema, «Mwanangu, niachie mpaka kesho.» Akanikerezea nyingine kutoka kwenye nondo ya alumini kwa dola 15, na kuichonga uso mkali kama wa ile ya awali. Zile za kiwandani, anguko liligharimu bamba zima. Nilirudi kwake wiki iliyofuata nikaomba ya pili ya akiba. Nimeifunga kwa kitambaa, iko chini ya kiti pamoja na ufunguo wa alen wa 6.