Bei ya nyanya: ya dalali au ya kundi la WhatsApp?

Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki hupata bei kwa dalali anayefika shambani, au kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji wa Soko la Kilombero, Arusha.

Kwa dalali huhitaji simu janja wala bando. Anakuja na gari na matenga, analipa papo hapo. Tatizo ni kwamba anayekutajia bei ndiye mnunuzi, na tenga analijaza lumbesa, yaani kupita kipimo, huku akilihesabu moja.

Kundi linatoa bei ya alfajiri, ila ni bei ya sokoni. Toa kwanza nauli ya kila tenga, ushuru na ujira wa wapakiaji. Kinachobaki ndicho ulinganishe na cha dalali. Uliza tenga ni la ukubwa gani, maana hapo ndipo wengi huumia. Bei ya jana usiitegemee: mizigo ikiingia mingi usiku, asubuhi imeshashuka.

Mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, mara nyingi mama wa robo eka, kundi halimfikii, na hiyo si haki. Huyo apigie wauzaji wawili wa sokoni wasiofanya kazi pamoja, jioni kabla ya kuchuma. Nyanya ikishachumwa, dalali anajua huwezi kusubiri.