Hilux ya 1991, rangi ile ile ya kiwandani: miezi minane ya Busia–Kampala

Nianze na bei manake najua ndio mnaitafuta. Milioni 17 na nusu za Uganda. Jamaa aliyeniuzia alinionea huruma, kabla hatujahesabu pesa akaniambia bosi, ongeza milioni tatu nikupigie rangi nyeupe uichukue ikiwa kama bibi harusi. Nikakataa, akadhani nimeishiwa.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux za kizazi cha tano, zile zilizotoka kati ya 1988 na 1997, kebini moja, fowili (magurudumu yote manne yanaweza kuvuta), injini ya dizeli iitwayo 3L, cc 2,779, haina tabo, haina kompyuta, ukitaka fowili unashuka mwenyewe kwenye matope unazungusha habu, zile za katikati ya magurudumu ya mbele, kwa mkono. Namba inaanza na UAA, herufi za zamani, kwa hiyo hata mtoto wa shule anajua huyu ni mzee. (Namba mpya za kidijitali zimeshaanza kutolewa, siku zikinifikia ile sahani ya zamani nitaipigilia ukutani.)

Rangi ilikuwa nyekundu. Nasema ilikuwa kwa sababu leo inategemea umesimama upande gani. Boneti imepauka imekuwa kama ufizi, ukipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu kama wa pilipili, hizi rangi za zamani hazikupakwa vanishi juu basi jua likiwaka linakula rangi yenyewe. Ndani ya milango bado nyekundu kamili kama jana. Huku nyuma kwa mzigo kona hazina rangi kabisa, ni chuma kilichosuguliwa na magunia mpaka kinang'aa, na pembeni yake kutu kavu ya kahawia iliyokwishatulia. Kuna mahali karibu na kebini pamebonyea pakubwa kama beseni, mvua ikinyesha kuku wanakunywa maji hapo. Mlango wa dereva una maandishi ya duka fulani la zamani, mchana huoni kitu, lakini asubuhi ukiwa na umande herufi zinatoka, "& SONS", halafu "P.O. BOX" na namba mbili, basi. Na mlango wa abiria una ukorofi wake, ukiusukuma kawaida haufungi hata upige kwa teke, lazima uunyanyue kidogo kwa komeo halafu ndio uubamize. Kila anayepanda nalazimika kuzunguka nimfungie kama dereva wa waziri.

Sasa mambo yenyewe. Kabla ya hii nilikuwa na Toyota Premio, gari dogo la kawaida, ya rangi ya fedha, nikakaa nayo miaka minne, na katika miaka minne hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia neno lolote kuhusu ile Premio isipokuwa "toa gari". Hii siku ya kwanza tu, kutoka mpakani hadi Bugiri, nimesimamishwa na watu watatu. Mmoja anataka kuinunua abebe makaa. Mmoja alijifunzia kuendesha kwenye kama hii. Wa tatu hakutaka kitu, aliegemeza kiwiko kwenye madigadi akaanza kunipigia stori za bei ya kahawa, na hapo ndipo nikaelewa, kwenye Premio asingethubutu kuegemea. Gari ikiwa inang'aa watu wanaipisha, wanaogopa kuikwaruza, wanakuogopa na wewe uliye ndani. Hii haina cha kukwaruzwa. Vijana wa boda kwenye steji wanaikalia ukingo wanakula rolex yao (chapati iliyoviringishiwa mayai), sijawahi kuwafukuza. Namawojjolo, lile soko la kando ya barabara wanapouza kuku wa mshikaki na gonja (ndizi za kuchoma), wale wauzaji wanaokimbilia magari, kwangu bei inaanza chini, sikudanganyi, wananiona mwenzao.

Hata trafiki. Huku ukisikia askari anatamka DMC ujue amekuona gari yako ni mbovu ya kuhatarisha watu, na mimi kila kizuizi najiandaa kwa hiyo. Afande mmoja karibu na Iganga akanizunguka mzima, akapiga tairi teke, akawasha taa zote, akasimama kwenye breki mwenyewe, kila kitu kizima, akabaki ananung'unika kama aliyenyimwa. Mwisho akaniuliza, "Mzee, hii utaniuzia lini?" Kwa hiyo hapo jueni, mwili uzeeke lakini breki, taa na tairi ziwe mpya, hapo sina mchezo.

Wamarekani hali hii wanaiita patina na wanailipia pesa. Mtu ana Chevrolet C10 au Ford F-100 ya miaka ya 60, anafufua injini, anabadilisha breki, lakini bodi haigusi, anaiosha tu anapaka mafuta ya kitani ili kutu isiendelee. Wasio na subira wanachukua bodi nzima nzuri wanaipiga msasa na maji ya chumvi izeeke kwa lazima, mimi hapo huwa nacheka. Wanaagiza hata hizi Hilux za usukani wa kulia, sheria yao inaachia gari la nje likishatimiza miaka 25. Sisi ni kinyume, tangu 2018 gari lililozidi miaka 15 toka litengenezwe haliingizwi nchini, kwa hiyo hizi zilizopo ndizo hizo hizo, ikifa moja inaenda kufunguliwa vipande vipande Kisekka, soko la spea la Kampala, na ndio basi. Tofauti yetu na wao ni kwamba hii yangu hakuna aliyeipangia kuzeeka hivi, imezeeka ikibeba saruji.

Kuendesha je? Mzigo inabeba, tani moja ya mchele kutoka Bugiri inakwenda nayo bila kulalamika, springi za nyuma zinanyooka tu na kutulia. Tena ikiwa na mzigo ndio inakaa vizuri, ikiwa tupu kwenye marram, barabara isiyo na lami, inarukaruka kama mbuzi na figo zako zinahama. Asubuhi unawasha ufunguo nusu unasubiri taa ya hita plagi izime, unaswaki, halafu stata, moshi mweusi kidogo, inanguruma. Kilomita 80 kwa saa ndio raha yake. Ukifika 100 huongei na abiria, mnaonyeshana vidole. Kupita malori ya makontena yanayotoka Malaba, sahau, unahesabu mlima unasubiri, na msitu wa Mabira nimeshawahi kuuvuka wote nyuma ya lori moja nikisoma namba yake mpaka nikaikariri. Usukani hauna hydroliki, kuegesha mjini Kampala ni mazoezi ya gim. Joto lipo. Mvua inaingia kwenye raba ya kioo cha mbele, inadondokea goti la kushoto, sijui kwa nini la kushoto tu. Dizeli napata kama kilomita kumi kwa lita nikiwa na adabu, piga hesabu mwenyewe.

Spea ndio sehemu tamu. Kisekka hukosi kitu cha 3L, tatizo ni kujua kipi oginali na kipi cha juzi, nenda na fundi wako unayemwamini. Mkinunua gari ya namna hii, kabla hujaona hata rangi, ulizia taimingi belti ilibadilishwa lini, injini hizi zinatumia mkanda siyo cheni, na mwenye gari akianza kukuna kichwa wewe badilisha mara moja usisubiri. Halafu inua mkeka chini ya miguu, ponda kwa bisibisi. Huku hatuna bahari wala chumvi barabarani, bodi zinadumu, lakini matope ya marram yakijificha kwenye sakafu na ndani ya madigadi yanakaa na unyevu yanakula polepole. Kutu ya juu ni sura tu. Kutu ya chini ya mkeka na ya chesisi ni ugonjwa.

Kisa kimoja kiliniuma. Niliipeleka gereji moja, sitaitaja, kubadilisha klachi. Nimerudi jioni nakuta kijana amenifanyia "fadhila", amepiga pati na rangi nyekundu mpya kwenye kilango cha nyuma, herufi za TOYOTA zilizokuwa zimefifia vizuri hazipo. Alikuwa anatabasamu, maskini. Ningemgombezaje? Nikamshukuru, nikalipa, nikaendesha mpaka Lugazi bila kuwasha redio. Sasa kile kilango kinaonekana kama jino la bandia. Basi mkiacha gari kwa fundi semeni kwa mdomo kabisa, usiguse rangi, ikibidi andikeni kwenye karatasi mbandike kwenye usukani.

Kuna dada pia wa Kampala alinifuata petroli stesheni Mukono, harusi yake iko mwezi ujao, anataka aipande kwa picha, laki mbili kwa nusu siku. Nikamwambia sawa nitaiosha vizuri. Akashtuka, "Aa aa, usiioshe, kaka, nakuomba!" Nimefuta vumbi kwenye kiti tu, kwa ajili ya gauni.

Maksi zangu, kazi nane kwa kumi, starehe mbili, na kupata marafiki usiowatafuta kumi kamili, ingawa kama wewe ni mtu wa haraka au hupendi kusalimiana hiyo kumi ni adhabu, tafuta Premio.

Wiki iliyopita nimetoka Bugiri na gunia chache, mzee mmoja wa makamo ya babu zangu ananyoosha mkono pale njia panda, anaelekea Iganga. Shikamoo mzee, marahaba, panda. Nimeanza kufungua mlango wangu nizunguke nimfungie kama kawaida, nasikia komeo limenyanyuliwa, pu, mlango umefunga. Mara ya kwanza. Nikamtazama. "Umejuaje?"

Akasema alikuwa taniboi wa hii gari, enzi za lile duka, huo mlango uliharibika yeye akiwemo. Akageuka akachungulia nyuma kwa kile kidirisha. "Na hilo beseni bado lipo," akasema, "jenereta ilitushinda nguvu kuishusha. Mwenye duka alinikata mshahara."