Nimepima mtandao wa nyumba ya wageni kwa iPerf3 na Nmap: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, ili asiye na muda asipoteze bando lake hapa. Kwa mtu anayetunza mtandao wa jengo lake au la mteja, iPerf3, inayopima mwendo wa data kati ya mashine mbili, ndiyo programu niliyoipenda kuliko zote, Nmap, inayoorodhesha vifaa vilivyo kwenye mtandao na milango iliyo wazi, ndiyo iliyonitoa jasho, na Speedtest, inayopima mwendo wa intaneti na ambayo kila mtu anayo kwenye simu, ndiyo iliyonisaidia kidogo kuliko zote. Hakuna hata moja iliyonidai shilingi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa, Mji Mkongwe, Unguja. Jengo ni la zamani, la mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Joto halipenyi, na waifai nayo haipenyi. Wageni wa vyumba vya juu walikuwa wakiandika maoni mabaya baada ya kuondoka, na wengine walishuka usiku na simu mkononi kukaa kwenye ngazi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, kila mwezi nalipia megabiti hamsini. Zinaishia wapi?"

Nilianza na Speedtest kwa sababu ndiyo anayoiamini yeye. Pale mapokezi, laptopu ikiwa imechomekwa waya moja kwa moja kwenye ruta, ilisoma 48 za kupakua na 19 za kupakia. Mtoa huduma alikuwa ameshapigiwa simu na kujibu kwamba laini haina shida, na kwa namba hizo sikuona cha kumlaumu.

Ila kipimo hicho kisikulevye. Speedtest hukuchagulia seva iliyo karibu nawe, na mara nyingi seva hiyo imo ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako huyo huyo, au kwa jirani yake Dar es Salaam. Hapo umepima kipande cha kwanza cha safari tu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inatambaa, mtu wa Unguja aliyepima kwa seva ya Dar alikuwa anapima njia ambayo haikukatika. Ukitaka kujua hali ya njia ndefu, badilisha seva kwa mkono: chagua ya Johannesburg, kisha Mumbai, kisha London, ulinganishe. Fast.com ya Netflix, iliyoanza 2016, nayo ni nzuri, na ina kitu kimoja kilichofichwa chini ya maelezo ya ziada ambacho nitakirudia.

Jambo dogo la kumwambia mteja mapema: megabiti 50 kwa sekunde ni megabaiti sita na robo tu kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Ugomvi mwingi na watoa huduma huishia hapo.

Sasa iPerf3. Hii haigusi intaneti kabisa. Inapima njia kati ya mashine mbili zako mwenyewe, ndani ya jengo, kwa hiyo inakwambia kama ugonjwa uko nje au ndani. Watunzaji wake ni ESnet, mtandao wa utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani unaoendeshwa kutoka maabara ya Lawrence Berkeley. Haina picha wala rangi, ni maandishi matupu. Kwenye mashine ya kwanza unaandika iperf3 -s, nayo inakaa inasubiri kwenye porti 5201 (porti ni kama mlango wenye namba ambao programu huusikilizia). Kwenye ya pili unaandika iperf3 -c na kufuatisha anwani ya ile ya kwanza. Baada ya sekunde kumi una jibu.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha waya, kutoka mapokezi hadi ghorofa ya pili. Kilitoa 94. Swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za jengo, ni ya gigabiti (megabiti 1,000), kwa hiyo nilitarajia kitu cha karibu na 940. Fundi aliyezoea akiona 94 anajua moja kwa moja kwamba waya umeshuka hadi mwendo wa megabiti 100. Mwendo huo unahitaji jozi mbili tu za nyuzi kati ya nne zilizomo ndani ya kebo, lakini gigabiti inazitaka zote nne. Maana yake kuna jozi iliyokatika ukutani, au aliyebana kichwa cha kebo alibana ovyo. Speedtest isingeniambia hilo maisha yangu yote, kwa sababu 48 inapita ndani ya 94 bila kugusa ukingo. Na kwa sababu hiyo hiyo halikuwa la dharura, nikaliandika pembeni.

La dharura lilikuwa waifai. Kwenye chumba cha mwisho cha juu, kutoka laptopu hadi mashine ya mapokezi, nilipata megabiti 6 kwenye masafa ya 2.4 GHz. Kwenye 5 GHz haikuunganika kabisa. Basi mama akapata jibu la swali lake: 48 zinaingia mlangoni, 6 zinafika chumbani, na zilizobaki zinamezwa na ukuta. Kisambaza waifai kilikuwa kimewekwa ndani ya kabati la mapokezi, eti kisiharibu sura ya nyumba. Tulikitoa, tukaongeza kingine juu ya ua wa ndani, ambako mawimbi yanaingia vyumbani kwa madirisha na milango badala ya kupigana na jiwe. Chaneli nayo tuliihamisha, maana majirani wote walikuwa wamerundikana kwenye chaneli ya 6, na kwenye 2.4 GHz, ukitumia upana wa kawaida, chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zisizogongana. Chumba kile kile kikasoma 41. Sikuongeza hata megabiti moja kwenye kifurushi.

Kasoro za iPerf3 zipo, na zinaudhi. Usipoiambia vingine, inapima kutoka mteja kwenda seva, yaani upande wa kupakia, na wengi wanasoma namba hiyo wakidhani ni ya kupakua. Ongeza -R igeuze. Ukipima kwa UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri kuthibitishiwa kwamba imefika, ambayo ndiyo inayofanana na simu za WhatsApp na video za moja kwa moja, chaguo lake la kawaida ni megabiti 1 tu kwa sekunde, na utadhani mtandao umekufa. Andika -u -b 20M, na usome safu za mtetemo (jitter, yaani ucheleweshaji unavyopanda na kushuka) na pakiti, vile vipande vya data, zilizopotea kuliko kusoma mwendo. Wa Windows nao waangalie: ESnet hawatoi toleo rasmi la Windows, na mafaili mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya zamani. Mimi nilipima kwa Linux pande zote mbili.

Baada ya hapo yakabaki malalamiko ya jioni. Mwendo upo, lakini simu za video zinakatika sauti. Hapa ndipo Fast.com iliponifaa. Ukifungua maelezo ya ziada inakuonyesha ucheleweshaji wakati laini iko tupu na wakati imejaa. Ikiwa tupu tulikuwa na milisekunde 24. Ikiwa imejaa, zaidi ya 600. Mgeni mmoja akirudi kutoka Nungwi na kuanza kupandisha video zake, pakiti zake zinajipanga ndani ya ruta kama malori kwenye foleni ya kivuko, na kipakiti kidogo cha sauti ya mgeni mwingine kinakwama nyuma yao. Dawa yake inajulikana: CAKE au fq_codel, mbinu za kupanga foleni ambazo RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, inazo tangu toleo la 7, na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, inazo pia. Unaweka kikomo chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijipange kwako na siyo kwa mtoa huduma. Niliweka 45 za kupakua na 17 za kupakia. Mama alipoona Speedtest imeshuka hadi 45 alinijia juu: "Umenipunguzia megabiti zangu?" Nikamwomba apige simu ya video kwa mwanawe Muscat huku mimi napandisha faili kubwa. Mazungumzo yalipokwisha hakuniuliza tena habari za megabiti.

Upande wa usalama nilimpa Nmap. Hii ni programu kongwe, aliitoa Gordon Lyon mwaka 1997 kwa jina lake la mtandaoni la Fyodor, na mpaka leo ndiyo anayoishika fundi kwanza. Nilianza kwa upole: nmap -sn 192.168.1.0/24, amri inayouliza tu nani yupo kwenye anwani zote za mtandao huo bila kupima porti. Orodha ilikuwa ndefu kuliko mama alivyodhani. Simu za wageni, sawa. Televisheni, sawa. Printa, mashine ya mapokezi yenye majina na nakala za pasipoti za wageni, na mashine ya kurekodi kamera, vyote kwenye mtandao mmoja na simu za wageni. Usijaribu kuhesabu watu kwa orodha hii lakini. Simu za siku hizi hubuni anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho wa kifaa, kwa kila mtandao, na jina la kiwanda halionekani.

Kisha nikaipeleleza ile mashine ya kamera kwa -sV, inayouliza kila porti inaendesha huduma gani. Porti 554 ya video ilikuwa wazi, hilo nililitarajia. Porti 23 nayo ilikuwa wazi, telnet, mlango wa zamani wa kuendesha kifaa kutoka mbali, usiofunga siri yoyote. Neno la siri lilikuwa lile lililotoka nalo kiwandani. Aliyefunga kamera alichukua hela yake na kuondoka. Vifaa vya aina hii hasa ndivyo virusi vya Mirai vilivyovivamia mwaka 2016, kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani kupitia telnet, na Oktoba mwaka huo kundi la kamera na ruta zilizotekwa likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi. Mgeni yeyote pale nyumbani mwenye laptopu na dakika chache angeweza kuangalia korido usiku kucha.

Tulizima telnet, tukabadilisha neno la siri, na tukagawa mtandao kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa juu ya vifaa vile vile: wageni peke yao, kamera peke yake, mapokezi peke yake. Ndipo nikarudia Nmap nikiwa kwenye waifai ya wageni. Safari hii niliona ruta tu. Kurudia huku ndiko watu wanakoruka, wakati bila hivyo hujui kama ukuta ulioujenga unasimama au ni mchoro kwenye skrini.

Nmap inataka subira na akili. Kwa kawaida inapima porti 1,000 zinazotumika zaidi. Ukitaka zote 65,535 andika -p-. Upande wa UDP ni mateso, kwa kuwa Linux nyingi hujibu porti iliyofungwa mara moja tu kwa sekunde, na kupima porti zote za kifaa kimoja kunaweza kuzidi saa 18. Nilipima chache zinazojulikana nikaachana nayo. Wenye printa za zamani wasiogope sana: ukitumia -sV, Nmap yenyewe huruka porti 9100 hadi 9107, kwa sababu kuna printa ambazo huchapa kila kinachotumwa huko, na ungekuta karatasi zimejaa herufi za ajabu. Na ikikwambia porti iko wazi, haijakwambia kama ni hatari. Hilo ni lako kulijua.

Kwa kuangalia kutoka nje nilitumia ShieldsUP ya Steve Gibson, ukurasa unaopima porti zako ukiwa upande wa intaneti. Ulitoa matokeo safi kabisa, ila usafi huo haukuwa wetu. Anwani iliyo kwenye ruta ilianza na 100.64, yaani mtoa huduma ametuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na ShieldsUP ilikuwa inagonga mlango wake. Kabla ya kushangilia, linganisha anwani ya ruta na ile inayoonekana kwenye ukurasa. Zikitofautiana, kipimo hicho hakikuhusu.

Neno kwa vijana wanaojifunza: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina ya kwake ya 2018. Usiilekeze Nmap kwenye mtandao wa jirani, wa shule au wa benki kwa sababu tu umejua amri. Mimi nilimwomba mama aniandikie ruhusa na kuitia sahihi, ingawa alicheka. Ukitaka mahali pa kujaribia, wenye Nmap wameweka scanme.nmap.org kwa kazi hiyo na wanaruhusu upimaji wa kiasi.

Kama una chumba kimoja na ruta moja, iPerf3 haitakufaa kitu, tumia Fast.com na programu ya simu kama Fing kuona nani yuko kwenye waifai yako. Mwenye hoteli, shule, zahanati au ofisi yenye kamera, iPerf3 na Nmap zinatosha kabla hujamlipa mtu kukuletea mashine za bei kubwa.

Ule waya wa ghorofa ya pili bado unasoma 94. Umepita ndani ya ukuta wa zamani, na kwenye Mji Mkongwe hutoboi ukuta kwa kujiamulia. Nimemshauri mama tuupitishe mpya kando ya ngazi, na anasubiri msimu wa wageni upungue kwanza.