Mazoezi ya staili ya CrossFit: yanafanya kazi, ila mwangalie kocha kwanza

Jamani haya mazoezi ya mchanganyiko, kubeba chuma, skwati, pushapu, kuruka boksi, mbio, yote kipindi kimoja na saa inahesabu ukutani, nimeyapiga muda sasa na watu wananiuliza kama yanafaa. Yanafaa. Pumzi ndo ilianza kubadilika, ngazi zilizokuwa zinanikata saivi napanda huku naongea na simu, halafu mapaja na mgongo vikakaza. Na hayali muda, mfano Tabata ni sekunde 20 unaenda kwa nguvu zote, 10 unapumzika, mara 8, dakika 4 imeisha na hutaki hata kusalimiwa. Ila wanaotaka kupungua tu msidanganywe kwamba ukimaliza mwili unaendelea kuchoma mafuta kutwa nzima, inachoma kweli ila kidogo sana, sahani ndo inaamua.

Shida inaanzia kwenye ile saa na ule ubao wa matokeo. Ukishachoka halafu jirani yako amekupita raundi mbili, mgongo unapinda na wewe unaendelea tu kunyanyua, ndo hapo mabega, kiuno na magoti vinapoharibika. Kuna jamaa tunafanya naye alikaa muda mrefu bila mazoezi, siku anarudi akapiga pulapu (kujivuta juu kwenye bomba) kama hajawahi kuacha, baada ya siku mbili mikono imevimba haikunjuki na mkojo umekuwa rangi ya koka. Hospitali wakasema ni rabdomayolisisi, yaani misuli imevunjika na uchafu wake umeingia kwenye damu, na huo unaweza kuua figo, akalazwa na madripu. Kuumwa misuli siku ya pili ya tatu ni kawaida kabisa, ila mkojo ukiwa mweusi usisubiri kesho.

Kwa hiyo mimi naangalia kocha, mashine baadaye. Gym ya kwanza niliyoenda, kocha kazi yake ilikuwa kupiga kelele ongeza kilo ongeza kilo, nikahama. Huyu wa sasa mgeni anaanza na fimbo tupu, akiona umeanza kupinda anakutolea vyuma mwenyewe na hajali ubao unasemaje. Mwenye presha au tatizo la moyo, au mama aliyejifungua juzijuzi, aanzie kwa daktari.

Hii gym ya sasa nawapa nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya muziki, wanafungulia mpaka kocha akikurekebisha humsikii.