Kamusi ya Cambridge mtandaoni: mfano wa neno heavy

Kwa anayejifunza Kiingereza, kamusi hii ni chombo bora, tena kuitumia ni bure. Andika heavy, bonyeza alama ya spika usikie matamshi ya Uingereza au ya Marekani, kisha usiishie kwenye maana ya kwanza, ile ya mzigo mzito. Shuka hadi kwenye mifano. Faida yote iko huko. Heavy rain ni mvua kubwa, heavy traffic ni foleni kubwa, heavy smoker ni mtu anayevuta sigara kupita kiasi. Wanafunzi wengi huandika big rain kwa sababu Kiswahili kinasema mvua kubwa, na hapo ndipo alama za mtihani hupotea. Alama A1 hadi C2 kando ya maana nyingi huonyesha ngazi yake ya ugumu: A1 ni ya anayeanza, C2 ni ya aliyebobea. Maelezo ni ya Kiingereza, hivyo anayeanza kabisa atakwama.