Mtupa taka bustanini: amande (faini) au salongo (kazi ya kusafisha mahali pa umma)?

Kwa anayetupa chupa za plastiki kwenye bustani ya umma hapa Bukavu, amande ina faida moja: inaisha haraka. Analipa, anachukua risiti, anakwenda. Bila risiti, pesa zinaishia mfukoni mwa mtu. Tena mwenye nazo haimuumi. Mama muuza ndizi ndiye analala njaa.

Salongo inataka msimamizi, fagio na toroli, kweli. Ila aliyeinama saa mbili akiokota chupa anaona zinakoelekea: mvua ikinyesha zinateremka Ziwa Kivu, zinasukumwa hadi bwawa la Ruzizi na kusumbua mitambo ya umeme. Hilo linaniuma sana. Nachagua salongo, amande ibaki kwa anayekataa kufika.